Nilivyoiezekea mashua yangu kabla ya masika

Marehemu baba aliniachia mashua ya futi 22, ubavu wake wote mbao za mwembe. Mimi ni mwalimu, si mvuvi wa kila siku. Kaskazi ikivuma naitoa siku za mapumziko, na siku nyingine huvua nayo mabaharia watatu wa hapa Tumbe, Pemba, tukagawana. Masika yakiingia, wawili wanateremka mabondeni kwenye mpunga, mmoja anakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, nami nabaki na skuli yangu. Basi kuanzia mwisho wa Februari mpaka Juni mashua inakaa juu ya mchanga, jua lake, mvua yake. Nataka kueleza ninavyoihifadhi miezi hiyo, kwa sababu mwaka wa kwanza nilikosea na nusura niipoteze.

Mwaka huo ulikuwa 2023. Nilinunua turubai la plastiki, lile la buluu, nikalitandaza kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, nikalipitishia kamba za nailoni chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, na kulikaza. Nilipolipiga kofi lililia kama ngoma. Nikaondoka nimeridhika, na kila nilipopita pwani nikaliangalia kwa nje tu.

Turubai likilala bapa maji hayana pa kwenda. Yalijikusanya katikati ya chombo, turubai likalegea kidogo, yakajikusanya zaidi, likalegea zaidi, mpaka likapasuka kwenye kichwa cha msumari kilichotokeza pembeni. Tangu hapo kila mvua iliingia ndani na haikutoka, maana tundu la kutolea maji nilikuwa nimelipiga kizibo kama tunavyolipiga tukiwa baharini. Na Pemba hainyeshi kidogo. Sisi hupata mvua kuliko hata ndugu zetu wa Unguja.

Nilipolifungua, mwisho wa Mei, harufu ilinifika kabla sijaona kitu, harufu ya kumbi zilizovundikwa. Chini mlikuwa na maji ya rangi ya chai yaliyofika kwenye mataruma, zile mbavu za ndani za chombo. Juu, ambako maji hayakufika, mbao zilikuwa zimeota koga nyeupe, na upande wa ndani wa turubai ulitona jasho ingawa siku ile kulikuwa na jua. Nilichukua kisu nikakigusisha kwenye ubao wa pili kutoka mkuku, karibu na fashini, ule mti wa kusimama wa tezi. Kikazama mpaka nusu bila kukisukuma. Fundi alitoa mbao mbili na mataruma mawili, na kila kipande alichokitupa mchangani nilikijua, maana nilimshikia baba taa wakati wa kukipigilia.

Ami yangu, ambaye amekuwa nahodha kwa umri wake wote, alikuja akakaa juu ya gogo akatazama kazi ile kimya. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, maji ya chumvi ni dawa ya ubao. Maradhi yake ni maji ya mvua." Na ndivyo ilivyo. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hutaka maji yasiyo na chumvi, joto na hewa iliyotuama. Chumvi huizuia. Lile turubai langu liliikusanyia vyote inavyovitaka, tena juu ya mwembe, mti ambao hauna uvumilivu na unyevu wa mvua.

Wenzetu wa Ulaya na Kanada hupandisha vyombo vyao nchi kavu wakati wa baridi na kuvifunika kwa sababu ya theluji. Nilikuwa nimetazama kwenye simu namna wanavyofanya: mti mrefu wa mgongo juu ya chombo, mbavu za mbao zinazoshuka huku na huku, turubai lenye mteremko mkali ili theluji isikae, na ncha mbili zimeachwa wazi hewa ipite. Nilimwonyesha ami picha zile. Akaishika simu mbali kidogo na macho, akaitazama sana, kisha akanirudishia. "Hii ni nyumba ya makuti tu. Hii tunaijua."

Basi mwaka 2024 tulijenga nyumba ya makuti.

Tuliipandisha mashua kwa bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, la nusu Shaabani, ili kazi iishe kabla ya Ramadhani, kwa kuwa sikutaka kumpandisha mtu juu ya paa akiwa na saumu. Tuliivuta juu ya magogo mpaka penye nyasi, pasipofikiwa na maji hata ya bamvua kubwa. Tukaitia magadi, yaani miti ya kuiegemeza, pande zote mbili, na chini ya mkuku tukapanga vipande vya mbao ngumu sehemu tano ili uzito usilemee mahali pamoja. Omo tuliinyanyua shubiri moja kuliko tezi, kisha kizibo nikakitoa nikakitundika kwa uzi kwenye fashini nisije nikakipoteza. Tone lolote litakaloingia litashuka nyuma na kutoka lenyewe. Jambo hili lilichukua dakika chache, na kama ningelifanya mwaka uliotangulia pengine ule ubao wa pili ungekuwepo hadi leo.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya mti wa mgongo. Nilitaka kutumia foromali, ule mti unaobeba tanga. Ina futi 26, imenyooka, nyepesi, na kwa vyovyote lazima ihifadhiwe mahali pasipo jua. Ami hakutaka kusikia. Alisema foromali ikiegemezwa kwenye ncha mbili kwa miezi minne, na makuti mabichi ya mvua juu yake, itapinda, na foromali iliyopinda upande mbaya hailishiki tanga sawasawa tena. Alikuwa na haki. Tulichoafikiana ni kuweka egemeo la tatu katikati. Lakini katikati ni ndani ya chombo, na nguzo huwezi kuisimamisha juu ya mbao za ubavu, itazisukuma. Basi tuliisimamisha pale pale unaposimama mlingoti, kwenye mwashiri, ili uzito wake uteremke kwenye mkuku na kutoka mkukuni uende ardhini. Ami ndiye aliyeona hivyo. Alishika ile nguzo, akaitikisa, akanyamaza, nikajua amekubali.

Nguzo mbili za nje zilikuwa panda za mvinje za futi 10, futi 2 zimezikwa. Kwenye mapanda tulizungushia magunia makuukuu foromali isichubuke. Mikoko sikuitaka. Kuikata kunahitaji kibali, nacho ni haki, maana ndimo wanamokulia samaki tunaowavua sisi wenyewe. Mapau ya kuteremka pembeni tulifanya ya mvinje mwembamba, na fito za kulala ni mianzi iliyopasuliwa. Miguu ya mapau ilifungwa kwenye vigingi vya pembeni, si kwenye chombo wala kwenye magadi. Upepo ukilitikisa paa, litikisike peke yake. Ukilifunga kwenye magadi, siku ya upepo litayang'oa na mashua italala ubavu.

Kuhusu mteremko, makuti hayasamehe paa la bapa. Kanuni ni nyepesi na haihitaji chombo cha kupimia: urefu wa kwenda juu uwe sawa na upana wa kwenda pembeni. Kutoka usawa wa mgongo mpaka mwisho wa paa ni kama mita 1.4 kwa upande, basi na kutoka mwisho wa paa kwenda juu mpaka mgongoni pawe mita 1.4. Hizo ni nyuzi 45. Tulitumia kamba moja yenye fundo, tukaishusha, tukailaza, ikalingana. Mwisho wa paa tuliuteremsha mpaka chini ya mdomo wa mashua kwa kiasi cha shubiri, ili mvua ya mshazari isiingie, lakini chini ya hapo pote wazi mpaka ardhini. Mbuzi wanapita, upepo unapita.

Makuti nilinunua 300. Kila moja lilikuwa na urefu wa dhiraa moja na nusu hivi. Mstari mmoja ulikula makuti 12, na tulipanga mistari 12 kila upande, kuanzia chini kwenda juu. Hiyo ni 288, na yaliyobaki yakawa ya viraka. Nyumba ya kuishi huezekwa kwa makuti yaliyokaribiana zaidi, lakini paa la msimu mmoja linatosha kwa nafasi ya shubiri pungufu kidogo.

Sasa kamba. Nilikuwa nimenunua nailoni, na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amesokota kamba za makumbi tangu usichana wake, aliponiona nimeibeba alinisimamisha. "Mwalimu, hiyo itateleza. Nailoni ikirowa haijui kushika." Akanipeleka uani kwake. Kumbi zake huzifukia kwenye mchanga wa pwani unaofunikwa na maji ya kujaa, huko hukaa miezi, kisha huzichimbua na kuzitwanga mpaka nyuzi zibaki peke yake. Aliketi, akaweka nyuzi mbili juu ya paja, akapitisha kiganja mara moja kwenda mbele, na kamba ikatoka imejisokota yenyewe, ngumu, rangi ya asali. Aliniambia niirowanishe kabla ya kufunga. Nilifanya hivyo, na nilielewa nilipokuwa nafunga pau la kwanza: uzi uliorowa unakaa kwenye mti kama uliopandwa hapo, na nyuzi zake zenye kukwaruza zinaing'ang'ania mianzi iliyo laini. Fundo hata moja halikuachia mpaka Juni. Ile nailoni niliitumia kufungia ndoo.

Ncha ya paa inayotazama kusi tuliiziba kwa makuti ya kusuka, tukaacha nafasi ya mkono mmoja chini ya mgongo. Ncha ya pili tuliiacha wazi kabisa. Juu ya paa tukapitisha kamba sita kutoka upande hadi upande, na kwenye ncha zake tukaning'iniza mawe.

Kasoro ilijitokeza mvua ya kwanza kubwa, wiki ya pili ya Ramadhani. Niliingia ndani na taa baada ya futari nikasikia tone linapiga ubao, kisha jingine. Lilikuwa linatoka mgongoni, pale makuti ya pande mbili yanapokutana juu ya foromali. Tulikuwa tumeyakutanisha bila ya kuyavisha kofia. Kesho yake nilichukua tanga kuukuu la baba, lililokwishachanika mara nyingi hata halishoneki, nikalikata utepe wa futi 3 kwa upana, nikaulaza juu ya mgongo kutoka ncha hadi ncha, na juu yake tukalaza makuti ya kusuka na kuyafunga. Tangu siku ile sikusikia tone. Anayejenga paa la namna hii aanze kuufikiria mgongo kabla ya kitu kingine.

Mwanzoni mwa Mei ikaja habari ya kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari kila siku. Kimbunga kilielekea Mafia, sisi Pemba tulikuwa mbali na njia yake, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa tu. Niliongeza mawe, nikakagua vigingi kimoja kimoja, na usiku ule nikalala na viatu. Upepo ulikuja, si wa kuvunja, ukainua makuti ya pembeni upande mmoja na kuyarudisha. Asubuhi nilirekebisha saba.

Jua nalo lina hatari yake, maana mashua ikikauka mno mbao husinyaa, viungo vikafunguka na kalafati inayoviziba ikaanguka. Kivuli cha makuti husaidia sana, lakini hakitoshi kwa miezi minne. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala mimi na wanangu tulichota maji ya bahari ndoo 20, tukaimwagia mashua ndani na nje. Maji yalitiririka kwenye mataruma, yakatoka kwenye tundu la tezi, na baada ya saa moja mbao zilikuwa zimeyanywa na kubakisha chumvi. Kijana wangu mdogo ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Tuliliteremsha paa wiki ya Iddi Kubwa. Makuti mengi yalikuwa bado mazima, nikayapanga chini ya ukumbi, na foromali tuliilaza juu ya mchanga na ami akafumba jicho moja akaitazama kutoka ncha hadi ncha. Imenyooka. Nilichukua kisu kile kile nikaenda nacho kwenye ubao wa pili kutoka mkuku, ule mpya, na ule wa zamani ulio jirani yake. Ncha iligota.

Mashua tuliishusha kwa bamvua la mbalamwezi siku chache baada ya Iddi, baada ya fundi kuipitishia kalafati sehemu mbili tu na kuipaka deheni ya kuzuia maji. Siku ya kwanza ikiwa majini ilivuta maji, kama chombo chochote kilichokaa pwani. Nilikaa ndani nikiyafua, ndoo 6 mpaka adhuhuri. Alasiri ndoo moja. Asubuhi ya pili niliteremka na ndoo mkononi, nikainua ubao wa sakafu karibu na tezi, nikapitisha kiganja. Kilitoka na unyevu tu.