Maswali niliyoambiwa niyaache mlangoni

Miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nimebeba madodoso hapa Pemba kutoka Konde mpaka Kengeja, mwanzo ya karatasi, kisha ya kwenye tableti, nikakaribishwa kwenye mikeka na baraza za watu nisiowajua, nikauliza. Mtoto alilala ndani ya chandarua usiku wa jana? Maji mnachota wapi? Mara ya mwisho aliharisha lini? Najua pa kushusha sauti ili mama asione haya, najua pa kunyamaza mpaka jibu lije lenyewe. Mwezi wa tatu mwaka huu nikaingia chumba kimoja hapa Chake Chake kujifunza tiba ya mzazi na mtoto, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba kwa dakika tano nzima nisiulize hata swali moja.

Sikuweza. Tulikuwa watafiti wanne. Mwenzetu mmoja, kaka wa Wete mwenye ndevu zake, aliigiza mtoto wa miaka minne, akakaa chini na matofali ya plastiki ya kujengea. Mie nikawa mama. "Unajenga nini? Nyumba ya nani hii? Mlango wake uko wapi? Na hii rangi gani?" Mkufunzi alinisimamisha kabla dakika ya pili haijatimia, akanionesha karatasi yake: maswali 14. Kila swali, alisema, umemtoa mtoto kwenye mchezo wake ukamtia kwenye wako. Alikuwa anajenga, sasa anajibu.

Tiba yenyewe hujulikana kwa herufi PCIT, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Parent-Child Interaction Therapy. Ilianzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg huko Oregon, Marekani, miaka ya 1970, kisha akaiendeleza Florida. Ni ya watoto wa miaka 2 hadi 7 ambao ubishi, hasira na kupigana kwao kumewashinda watu wa nyumbani. Anayefundishwa hasa ni mzazi. Mtaalamu hakai nao chumbani. Yuko nyuma ya kioo anachoona yeye tu, na mzazi ana kidude sikioni ambacho kwacho ananong'onezwa palepale, neno kwa neno, huku anacheza na mwanawe. Sisi kioo hicho hatuna. Tuna simu iliyowekwa juu ya kabati, chumba cha pili chenye skrini, na hedifoni ya sikio moja, ambayo niseme kweli imewafaa mama zetu kuliko nilivyotarajia: mtandio unaishika, tena unaificha.

Kuna awamu mbili. Ya kwanza mtoto ndiye kiongozi, mzazi anamfuata. Ya pili mzazi ndiye kiongozi, anajifunza kutoa amri moja iliyo wazi na kuisimamia bila kelele wala kipigo. Nyuma yake kuna utafiti wa Diana Baumrind wa miaka ya 1960, aliyeona kwamba watoto hukaa vyema pale mapenzi na msimamo vinapokaa nyumba moja. Huvuki awamu ya kwanza kwa kuhudhuria. Unavuka pale ambapo ndani ya dakika tano umemsifu mtoto mara 10 kwa kulitaja jambo lenyewe alilolifanya, umeyarudia maneno yake mara 10, umesema anachokifanya mara 10, na maswali, amri na lawama vyote kwa jumla havizidi 3. Yaani kila sekunde kumi useme jambo la maana, na kinywa chako kisiteleze.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotukamata.

Chukua sentensi hii: "Unaweka nyekundu juu." Ukiishusha sauti mwishoni umesema anachofanya, unapata alama. Ukiinyanyua, "Unaweka nyekundu juu?", umeuliza, imeingia kwenye safu ya makosa. Maneno ni yaleyale, hakuna lililohama. Mkufunzi alituambia hata kwao, kwa Kiingereza, sauti ikipanda huhesabiwa swali, lakini wao maneno yao aghalabu hubadilisha nafasi, msikilizaji ana pa kushika. Sie tuna sauti tu. Tulitazama mkanda mmoja wa dakika tano, mie na dada mmoja wa Mkoani, kila mtu na karatasi yake. Mie nikaandika maswali 6, yeye 13. Tukaurudia. Nikagundua kwamba lahaja zetu zenyewe zinatuachanisha: kuna mnyanyuko mdogo mwishoni mwa sentensi ambao kwangu ni upole tu, kwake ni swali. Na lazima tukubaliane, kwa sababu kama wahesabuji hawasikii kitu kimoja, utafiti wote ni maji ya kwenye tenga. Asubuhi nzima tulikuwa tunasikiliza ncha za sentensi.

Halafu kuna swali letu la mama wa Kipemba, nalo lina safu yake peke yake moyoni mwangu. "Hunyamazi?" "Hukai?" "Huokoti?" Ni swali kwa sura, amri kwa nia, na lawama kwa ladha. Nimelelewa na maneno hayo. Nimelelea nayo. Nilipoyaona yameandikwa kwenye karatasi nikasita kwa muda, maana hakuna mtoto duniani anayeweza kujibu "Hunyamazi?" kwa usalama. Akisema "Nanyamaza" kesha kupiga kelele.

Sifa nazo zilitupa kazi. "Vizuri" haitoshi, mtoto hajui kizuri ni kipi. Useme: "Ahsante kwa kunipa tofali kwa upole." Hilo nililielewa haraka. Nisichokitarajia ni jinsi wazazi wanavyoogopa. Mama mmoja alinyamaza dakika nzima, nikadhani hedifoni imekatika. Alipotoka aliniambia hawezi kumsifu mtoto namna ile mbele za watu, tena anajua kuna watu wanatazama chumba cha pili, kijicho je? Tukakaa, tukazungumza, na jibu likatoka kwake mwenyewe: akaanza na Mashaallah. "Mashaallah, umekaa vizuri na miguu umeikunja." Mkufunzi hakuwa na neno la kupinga. Ni sifa iliyotajwa, na ina kinga yake.

Familia yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi na mjukuu. Mafunzo yanataka saa 40 darasani, kisha kila mmoja wetu afike mwisho na familia mbili, na mwisho hauhesabiwi kwa wiki bali kwa uwezo. Nitasema machache juu yao, na mengine nimeyabadilisha. Mtoto ana miaka minne, anauma, anapiga, amerudishwa nyumbani kutoka chuoni, chuo cha Kurani, kwa kuwarushia wenzake mchanga machoni. Mama yake anafanya kazi Unguja, anakuja kwa boti akipata nafasi. Kwenye fomu pameandikwa "mzazi". Mie ni mtoto wa Pemba, nilijua la kuandika: mzazi ni anayemwogesha jioni.

Kuna orodha ya tabia 36 ambayo mzazi huijibu kila wiki, kila tabia kutoka 1 hadi 7. Jumla ya chini kabisa ni 36, ya juu ni 252, na hutaki kumaliza tiba mpaka iwe imeshuka kufika 114 au chini yake. Moja katika tabia hizo ni adabu mbovu mezani. Bibi alinitazama. Meza? Wanakula chini, sinia moja, watu watano. Nikamuuliza kwa namna nyingine (hapa kuuliza kunaruhusiwa, nikashukuru): mtoto anakula kilicho mbele yake, au anapeleka mkono kwa wenzake? Hapo akanyooka. "Anapeleka mkono mpaka kwa mgeni, mwanangu. Andika saba."

Wiki ya kwanza alinikatalia waziwazi. "Nimsifu kwa kukaa? Kukaa si ndiko anakotakiwa?" Na akasema lile ambalo nimelisikia kila kijiji nilichopita na dodoso: bakora ndiyo iliyotukuza sie. Sikumjibu kwa takwimu, ingawa ninazo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliofika na huku Zanzibar, ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nambari kama hiyo ukimwambia bibi aliyepigwa na akapiga, unamwambia maisha yake yalikuwa makosa. Nikamwomba dakika tano tu kwa siku, nyumbani, mlango umefungwa, wajukuu wengine wapelekwe kwa jirani.

Wiki ya tatu alirudi na hadithi ya Anas. Bibi huyu amesomesha chuo miaka mingi, na alikuwa akiisomesha hadithi hiyo: Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, na katika miaka kumi hiyo hakuambiwa hata "uff", wala kwa alilofanya "kwa nini umefanya?", wala kwa aliloacha "kwa nini hukufanya?" Bibi alinyanyua kidole. "Kwa nini, mwanangu. Hata kwa nini hakumuuliza. Na mie nimeisomesha hii, watoto wakakariri, nikawapiga walipoikosea." Hakulia, wala mie sikusema kitu. Akavaa hedifoni yake mwenyewe siku ile, bila kusaidiwa, akaingia.

Nyumbani kwangu nilijaribu pia, na huko hakukwenda kama kitabu. Mwanangu ana miaka sita. Alikuwa ukumbini anatoboa vifuniko vya galoni apate magurudumu ya gari yake. Nikakaa chini karibu naye, sikumuuliza skuli kumekuwaje, sikumuuliza kama amekula. Nikasema, "Unatoboa kifuniko katikati." Akaendelea. "Sasa unachukua cha pili." Akaniangalia kwa jicho la wasiwasi, akaweka msumari chini. "Mama, umeninunia?" Nilichelewa kuelewa. Katika nyumba yetu maswali ndiyo mapenzi. Mama akiacha kuuliza, ana lake moyoni. Nikamwambia sijanuna, napenda tu kumwona anavyotengeneza gari. Siku tatu zilipita kabla hajaniamini. Nililipeleka hili darasani na sasa tunawaambia wazazi mapema: mwambie mtoto kwanza kwamba dakika hizi tano hutauliza, na kwamba huna hasira. Kwangu mie hilo ni jambo kubwa kuliko tafsiri yote ya madodoso tuliyoifanya.

Awamu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Mtoto akikataa amri baada ya kuonywa, hukalishwa kwenye kiti dakika 3, na mwishoni sekunde 5 za ukimya, kisha anarudishwa kwenye amri ileile. Hapigwi, hafokewi. Mie nakubaliana nayo. Lakini kiti! Nyumba ya bibi ina viti viwili vya plastiki, na vyote ni vya wageni. Mtoto hakai juu ya kiti ila siku ya Sikukuu. Ukimkalisha pale umempa cheo. Kitu kingine cha kukalia ndani ni mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno yake. Mwenzetu mmoja alitaja msala wa kuswalia, nikamkatiza kabla hajamaliza. Mtoto asije akauona msala ni mahali pa adhabu. Bibi ndiye aliyesema tukate kipande cha jamvi kuukuu, kiwekwe pembeni ya ukumbi, mbali na mlango na mbali na kila cha kuchezea. Mkufunzi ameuliza masuala mengi juu ya jamvi hilo, hasa mtoto akiinuka itakuwaje, na haki yake kuuliza. Bado tunalijaribu, na kama halitofanya kazi nitakuwa wa kwanza kusema.

Karafuu zilipoanza kuiva, familia mbili za wenzangu zilituacha. Siwalaumu. Mama yuko barazani anachambua karafuu na makonyo mpaka usiku, nauli ya Chake ni pesa ya kilo, na saa moja ya kucheza na mtoto mbele ya simu inaonekana ni starehe. Kama tiba hii itakaa Pemba, itabidi ijue msimu. Hili naliandika kwenye ripoti kwa wino mzito.

Bibi hakuacha. Alikuja na mikono inanukia karafuu, akavaa hedifoni, akakaa chini kwa taabu ya magoti. Wiki iliyopita ilikuwa dakika zake tano za kuhesabiwa. Tulikuwa watatu chumba cha pili, kila mtu na karatasi, hatutazamani. Mjukuu alikuwa anapanga matofali mistari miwili, akasema, "Hii boti, inakwenda kwa mama." Nikashika pumzi. Mahali pale ningeuliza mie. Itafika lini? Umemkumbuka mama? Sikumnong'oneza kitu, hairuhusiwi wakati wa kuhesabu.

"Boti inakwenda kwa mama," akasema bibi, na sauti ikashuka mwishoni, ikatua.

Tulipolinganisha karatasi, sote watatu tulikuwa tumeiandika safu ileile.