Mama mkwe alivyonichimbisha shimo uani

Binti yangu wa kwanza hakutambaa. Alisota. Yaani kakaa kitako kabisa, mguu wa kulia kaukunja chini yake, wa kushoto ndo kasia, mkono mmoja unasukuma sakafu, halafu huyooo anatoka chumbani mpaka mlangoni kabla hujageuka. Sakafu yetu ya saruji ilimaliza kaptula zote makalioni, mama yake akawa anashonea viraka vya jinzi. Mi nilikuwa nacheka tu. Mtaa haukuwa unacheka.

Ngoja nieleze kwanza kwa nini mimi baba ndo nilikuwa nashinda na mtoto. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, amejifungua 2018, likizo ya uzazi siku 84 zikaisha kama hazikuwepo, akarudi kazini. Sisi tunakaa Mbagala, shule iko Chanika. Sheria inasema mama anayenyonyesha apewe mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto, sawa, lakini kutoka Chanika mpaka Mbagala saa mbili zenyewe zinaishia kwenye daladala, ukifika unamsalimia mtoto unageuza. Mi ni fundi friji, kazi nafanyia hapohapo nyumbani barazani, kwa hiyo ikaamuliwa nibaki naye. Dada wa kazi tungemlipa nini.

Basi asubuhi mama anakamua maziwa kwenye vikombe vyenye mfuniko, mi naweka kwenye friji. Friji yenyewe haikuwa yetu, kinyozi hajinyoi, ilikuwa ya mteja mmoja kaileta nimbadilishie kompresa, nikambadilishia, akaona bei akapotea. Ikakaa sebuleni ikawa ya mtoto. Nesi alinifundisha vizuri tu: maziwa ya mama nje ya friji yasizidi saa nne, ndani ya friji yanaenda mpaka siku nne, kupasha usiweke jikoni, chukua bakuli la maji ya moto utumbukize kikombe humo. Na chupa akakataa, akasema chupa na ile chuchu yake kuisafisha ni kazi, uchafu unabaki kwenye mikunjo mtoto anaharisha, mnyweshe kwa kikombe. Watu hawaamini mtoto wa miezi minne anakunywa kwa kikombe. Anakunywa, anachuruzisha nusu shingoni lakini anakunywa.

Alivyofika miezi sita ndo ukaja uji, na uji ndo ulianza kunigombanisha na Kondoa.

Mama mkwe yuko Kondoa. Alituma kwenye basi mfuko wa unga wa lishe kausagisha mwenyewe, humo ndani kuna mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, soya, karanga na mbegu za maboga, kila alichovuna kaingiza. Nikaenda nao kliniki kifua mbele. Nesi akaunusa, akauliza karanga ziko humu? Ziko. Umesagwa lini? Sijui. Akaniambia baba, nafaka za nini zote hizo, zote zinafanya kazi ileile, chukua moja au mbili, karanga saga pembeni kidogokidogo utie wakati unapika, maana karanga ikishasagwa na kukaa inachacha, na karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri ndo yanaingia sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Sumukuvu wakati ule haikuwa hadithi. Mwaka 2016 watu waliumwa na wengine wakafa kwa hiyo sumu, mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mama mkwe kabisa. Nikarudi nyumbani sina raha. Utampigiaje simu mama mkwe umwambie unga wako sumu? Mke wangu ndo akapiga, akazungukazunguka, akasema mama safari nyingine utuletee nafaka nzimanzima tutasagisha huku. Nikasikia kwenye simu sauti inasema, "Kwani wewe ulikulia unga gani?"

Hilo likapita. Mi nikawa fundi wa uji sasa, karanga nachambua moja moja kwenye ungo, iliyosinyaa natupa, yenye ukungu natupa, ulezi nasagisha kidogo, uji unakuwa mzito ule wa kutulia kwenye kijiko, sio maji ya kumjaza tumbo. Naongeza maziwa au kijiko cha mafuta ya alizeti. Baadaye dagaa wa kusaga, parachichi, kiini cha yai, japo kwenye yai bi mkubwa mwenye nyumba alinionya mtoto atachelewa kusema. (Saivi mtoto huyohuyo tunamwomba anyamaze.) Siku za kwanza uji wote unarudi, anausukuma na ulimi unashuka kidevuni, we unaukusanya na kijiko unarudisha, anakuangalia usoni kama unamwonea. Na haya ya uji na kilo mi nilikuwa nayafuata kwelikweli, kila mwezi naenda kliniki mwenyewe kati ya akina mama, kadi naiangalia ile mistari, iko kwenye kijani.

Tatizo likawa miguu. Kafika mwaka, hajasimama. Miezi 13, anasota. Wenzie pale uani waliozaliwa nyuma yake wanakimbia kuku. Ndo maneno yakaanza, na ile kitu haisemwi waziwazi, inazungushwa. Siku moja bi mkubwa kaja barazani nachomelea paipu, kakaa pembeni, kaangalia mtoto anavyosota, kashusha pumzi, akaniuliza, "Baba Kidosho, usiku mnalala lakini nyie?"

Nikasema tunalala bi mkubwa.

"Mnalala, au hamlali?"

Nikaelewa. Mtaa mzima umeshaamua tumembemenda mtoto, yaani wazazi tumekutana kimwili wakati bado ananyonya, na hiyo ndo imemharibu miguu. Na kwenye kubemenda huna pa kujitetea, ukikataa utaulizwa basi kwa nini hatembei, ukinyamaza umekubali, na kwa sababu mi ndo nashinda nyumbani kuna walioanza kusema labda nina mambo yangu nje mama akiwa Chanika. Nje wapi, na mtoto kiunoni?

Nani aliyepiga simu Kondoa sijui mpaka leo. Nilichojua nikatumwa Ubungo kumpokea mama mkwe, enzi hizo mabasi ya mikoani bado yanashukia Ubungo. Kashuka na ndoo ya mafuta ya alizeti na gunia la ulezi, mzima, haujasagwa. Nikapokea mizigo. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo." Basi. Mpaka tunafika Mbagala hatujasema lingine, na foleni ya siku ile unaijua.

Nyumbani kamwangalia mjukuu anavyosota kuja kumpokea, kambeba, kamminya mapaja, kamgeuza, hakusema kitu. Mama mkwe hawezi kuongea na mimi habari hizo, na mi siwezi kuongea naye, heshima haituruhusu. Kwa hiyo alitumia vitendo. Usiku umefika, tuna chumba na sebule, mi natandika mkeka sebuleni nikidhani mgeni atalala kitandani na mtoto, sisi wawili tutajua. Natoka kuoga nakuta mama mkwe yuko kitandani ukutani, mtoto katikati, mke wangu huku mwisho, na shuka langu limekunjwa vizuri limewekwa juu ya kochi. Kochi la watu wawili. Mke wangu ananiangalia anabana kicheko kwenye mto. Nikachukua shuka langu nikalala miguu imening'inia, na hayo ndo yakawa makazi yangu msimu mzima, ule ulinzi haukulegea hata siku moja, akienda chooni usiku anakohoa kabla ya kutoka na anakohoa kabla ya kuingia.

Wiki hiyohiyo ujumbe ukaja kupitia kwa mke wangu: mama anasema baba Kidosho achimbe shimo pale karibu na karo. Shimo la nini? La mtoto. Asimame humo akaze miguu. Mi nikataka kubisha, halafu nikafikiria nabishana na nani, nikachukua jembe. Wapangaji wote wametoka na vigoda. Mama mkwe kasimama mbali ananipa vipimo kupitia mke wangu, "Mwambie limezidi upana," "Mwambie hapo panatosha," na mimi niko hatua tatu namsikia. Tukaweka kanga chini, mtoto akashushwa kiuno kikaishia kwenye ukingo wa shimo, jua la asubuhi linampiga. Nilidhani atalia. Wapi! Katulia humo mikono juu ya udongo, anachota mchanga anakula, kila anayepita anampungia. Akawa anawekwa kila asubuhi, mi namlishia uji humohumo, na kwa kweli kulisha mtoto aliyeko shimoni ni rahisi sana, hana pa kukimbilia.

Kilichonitisha mimi sio shimo, ni shubiri. Mke wangu aliigundua imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama yake, akaja kuninong'oneza kwenye kochi. Maana yake mama mkwe kashapiga hesabu zake: mtoto akipakiwa shubiri kwenye ziwa akalikataa, hanyonyi tena, na mtoto asiyenyonya habemendwi, lawama inaisha, mi narudi chumbani, kila mtu ana amani. Ukifikiria ilikuwa huruma. Ila mtoto ana miezi 15, na kliniki wanasema anyonye mpaka miaka miwili au zaidi huku anakula. Mke wangu akaenda kwa njia anayojua mama yake haipingi, akamwambia mama, Kurani si imesema miaka miwili kamili? Mama mkwe ni mtu wa swala tano, hakosi. Akajibu hapohapo bila kuacha kupepeta ulezi, hiyo ni Baqara, na aya hiyohiyo inaendelea, wazazi wakiridhiana na kushauriana kumwachisha si kosa. "Kwa hiyo mshauriane." Mke wangu akabaki mdomo wazi. Tukashauriana, tukaamua hapana, shubiri ikarudi kwenye pindo. (Kuachishwa alikuja kuachishwa amevuka miaka miwili, bila kupakwa chochote, tulianza kukata la mchana kwanza, la usiku likafuata, akalia, akazoea.)

Sasa siku ya kliniki mama mkwe akasema naye anaenda. Tukaenda watatu. Mtoto kwenye mizani ile ya kuning'iniza, kilo tisa na nusu, kijani. Nikamwambia nesi, huyu hajatembea. Hakumwangalia miguu kwanza, alichukua punje ya mahindi akaiweka kwenye meza mbele yake. Kidosho akainyatia, akainyanyua kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, akataka kuila, nesi akamnyang'anya. Akauliza alikaa lini, anasema nini, ukimwita anageuka? Ndo akamlaza akamkunja nyonga huku na huku, akalinganisha mikunjo ya mapaja, akamsimamisha amshike. Akasema huyu ni msotaji tu, wapo wasiotambaa kabisa maisha yao, na wasotaji wengi huchelewa kutembea, mtoto mzima anaweza kuanza kutembea popote kuanzia miezi minane tisa mpaka kumi na saba na kitu. Akija kwenye chanjo ya surua rubella ya pili, miezi 18, kama bado, nawaandikia rufaa.

Mama mkwe akakohoa. Kile kikohozi cha usiku. Akasema, "Nesi, na ile habari nyingine?"

"Ipi mama?"

"Ile."

Mi nikaanza kusoma bango la chanjo ukutani kwa makini. Nesi mwanamke mtu mzima, kashaelewa, akaongea kwa sauti chumba kizima kikasikia: "Mama, wanaoitwa wamebemendwa mi nawapokea hapa kila siku. Mama kashika mimba nyingine, mtoto kakatishwa ziwa ghafla, anapewa uji mweupe mtupu asubuhi na jioni, mwezi mmoja tu kilo zimeshuka, nywele zimekwajuka, ndo mnasema baba kafanya nini. Njaa hiyo. Huyu kadi yake hii hapa, nionyeshe aliposhuka." Mama mkwe akaichukua ile kadi. Hasomi bila miwani, na miwani hakubeba, lakini aliangalia rangi, akafuata ule mstari na kidole tangu mwanzo mpaka mwisho, akanirudishia mimi mkononi. Njiani akasema mtoto anakula vizuri. Alisema kwa upepo, ila nilikuwepo mimi tu upande huo.

Kochi nikaendelea kulalia vilevile.

Akaondoka kwenda kuwahi mavuno, mtoto hajatembea. Kilichomtembeza ni yule mteja wangu. Kazuka Jumamosi moja na guta na hela yake mkononi, anataka friji lake. Kidosho alikuwa ameshaanza kusimama kwa kulishika mlango, maana kwake lile friji ni ghala la chakula, anajua uji wake na maziwa yake yanatoka humo. Tukalinyanyua wawili, tunatoka nalo mlangoni kinyumenyume, namwona kaachwa amesimama katikati ya sebule hana cha kushika. Nikasubiri akae kitako. Akatoa mguu. Akatoa wa pili. Akalifuata friji mpaka kizingitini analia kwa hasira mikono juu, hatua kama tano sita, akaanguka kifudifudi, akanyanyuka akamalizia. Yule mteja ananiambia fundi shika upande wako, friji linaniangukia, mi nimeshaachia.

Jioni tukapiga Kondoa. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, akasema si niliwaambia, ni lile shimo. Hatukubisha. Kisha akauliza, "Mmeshalifukia?"

Mke wangu akasema bado mama, baba Kidosho atafukia kesho.

Akakaa kimya kidogo. "Mwambie asifukie, liacheni hapohapo. Mi kwa mimba inayokuja siwezi kusafiri tena mapema."