Fedha Zilikuwepo Siku Zote: Kwa Nini Bendi Kongwe za Roki Hurudiana

Kila tetesi za bendi kongwe kurudiana zinapoanza kuvuma, jibu la haraka huwa moja: wameishiwa hela. Ni jibu jepesi, na mara nyingi si la kweli. Bendi iliyowahi kujaza viwanja haisahauliwi na mapromota, yaani waandaaji wa maonyesho, hata mwaka mmoja. Ofa huja, hukataliwa, kisha hurudi ikiwa imenona zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini watu waliokaa miaka 15 au 25 bila kusalimiana wanapanda tena jukwaa moja asianze na hesabu ya fedha. Aulize kwanza ni sababu gani ya kukataa imeondoka, na imeondoka kwa nani.

Led Zeppelin ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Bendi ilikoma mwaka 1980 baada ya kifo cha mpiga dramu John Bonham. Tarehe 10 Desemba 2007, mwimbaji Robert Plant, Jimmy Page na John Paul Jones walipiga onyesho moja katika ukumbi wa O2 jijini London kumuenzi Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic Records. Kwenye dramu alikaa Jason, mwana wa Bonham. Maombi ya tiketi yalitajwa kufikia milioni 20, kwa ukumbi unaochukua watu wapatao 20,000. Hakuna promota duniani aliyekosa kuziona namba hizo. Page, Jones na Jason walitaka kuendelea, na mwaka 2008 wakafika hadi kujaribu waimbaji wengine. Plant hakutaka. Wiki chache tu kabla ya onyesho hilo alikuwa ametoa albamu na mwimbaji Alison Krauss, na albamu hiyo ikaja kushinda Grammy ya albamu ya mwaka. Alikuwa na muziki mwingine wa kufanya. Jambo likaishia hapo.

Katika kila bendi yumo mtu wa namna hiyo, yaani yule ambaye akikataa hakuna linalofanyika. Kwa kawaida ni mwimbaji au mtunzi mkuu, na kwa kawaida ndiye mwenye uhitaji mdogo kuliko wote wa kurudi. Sababu yake iko kwenye mgawanyo wa mirabaha, yaani malipo ya haki za nyimbo, na hili mashabiki wengi hawalioni.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani melodi na maneno. Nyingine ni ya rekodi yenyewe. Mtunzi hulipwa wimbo unapochezwa redioni, unapowekwa kwenye filamu au tangazo, na hata bendi nyingine inapouimba upya. Mpiga dramu ambaye jina lake halipo kwenye utunzi hutegemea sehemu yake ya rekodi, ambayo mara nyingi ni ndogo na imekatwa gharama nyingi kabla ya kumfikia. Marekani ni mbaya zaidi kwake: redio za kawaida za masafa huko hulipa watunzi tu, wala haziwalipi walioimba na kupiga kwenye rekodi. Wimbo unaweza kuchezwa kila siku kwa miaka 40 na mpiga besi wake asione senti kutoka redio hizo. Watu wawili waliorekodi chumba kimoja, siku moja, huishia na maisha tofauti kabisa. Anayetaka ziara ni yule ambaye bila jukwaa hana kipato kikubwa. Anayekataa ni yule ambaye hundi zake huja hata akiwa amelala.

Ndiyo maana mazungumzo ya kurudiana huanza na asilimia. Nichukue hesabu ya kubuni ili jambo lionekane. Onyesho moja la uwanjani linaingiza dola milioni 10. Ukitoa gharama za uwanja, ulinzi, matangazo na kodi ya mauzo, tuseme zinabaki milioni 7. Mkataba wa kawaida wa bendi kubwa huipa asilimia 85 hadi 90 ya kinachobaki, au kiwango cha chini kilichoahidiwa, kile kitakachokuwa kikubwa. Kwa 85, bendi inapata milioni 5.95. Wakala anachukua kama asilimia 10 na meneja kama 15, inabaki takriban milioni 4.46. Bendi inalipa yenyewe malori, jukwaa, skrini, mafundi, ndege na hoteli: weka milioni 2. Zimebaki milioni 2.46. Wanne wakigawana sawa, kila mmoja anaondoka na dola 615,000. Wawili wakubwa wakidai asilimia 35 kila mmoja na kuwaachia wengine 15 kila mmoja, hao wa chini wanapata 369,000. Tofauti ni dola 246,000 kwa usiku mmoja. Katika ziara ya maonyesho 40 inakaribia milioni 10 kwa kila mmoja wao. Ukiijua hesabu hii, hushangai bendi kuvunjika tena ikiwa katikati ya mafanikio.

Eagles walipitia hayo hasa. Walivunjika 1980, na Don Henley akasema watarudi pamoja siku jehanamu itakapoganda. Mwaka 1993 wanamuziki wa kantri walitoa albamu ya kuwaenzi, na wenyewe wakakubali kuonekana kwenye video ya mmoja wao, Travis Tritt. Kazi ya siku moja, bila mkataba wa ziara, ikawarudisha chumba kimoja. Mwaka uliofuata walikuwa barabarani, wakiuza tiketi kwa zaidi ya dola 100, kiwango ambacho roki haikuwa imekizoea. Mpiga gitaa Don Felder alifukuzwa 2001, akaenda mahakamani akilalamika, pamoja na mengine, kwamba tangu 1994 Henley na mwenzake Glenn Frey walikuwa wakichukua fungu kubwa kuliko wenzao. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama 2007. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kutogawana sawa. Bendi nyingi hazigawani sawa na zinadumu. Tatizo huanza pale ambapo mgawanyo wa zamani unabadilishwa huku upande mmoja ukijiona umelazimishwa kutia saini.

Asilimia zikishaelewana, linakuja suala la jina. Mwenye jina ndiye mwenye mlango. Roger Waters alipoondoka Pink Floyd 1985 aliamini bendi imekwisha. David Gilmour na Nick Mason wakaendelea kulitumia jina, mawakili wakaingia, na makubaliano yakapatikana mwishoni mwa 1987. Guns N' Roses jina lilibaki mikononi mwa mwimbaji Axl Rose. Mpiga gitaa Slash na mpiga besi Duff McKagan wangeweza kupiga nyimbo zilezile popote, lakini bila Axl hawangeweza kuziuza chini ya jina lile. Waliporudi naye 2016, ziara ilidumu hadi 2019 na kuingiza zaidi ya dola milioni 580. Izzy Stradlin, aliyekuwa mmoja wa watunzi wao wakubwa, hakuwamo.

Sasa, nini hasa huondoa sababu ya kukataa? Mauti na maradhi ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Cream walivunjika 1968. Waliporudi Mei 2005 kwa usiku nne katika Royal Albert Hall, Jack Bruce alikuwa amepandikizwa ini lingine miaka miwili kabla, na Ginger Baker alikuwa akisumbuliwa na baridi yabisi. Kila mmoja alijua kuwa akisema "mwakani" huenda mwakani isiwepo. Black Sabbath wanne wa mwanzo walipiga pamoja Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, Ozzy Osbourne akiimba akiwa ameketi kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson. Alifariki tarehe 22 mwezi uleule. Pink Floyd walisimama wote wanne Hyde Park Julai 2005 kwa ajili ya tamasha la hisani la Live 8, na mmoja wao, Richard Wright, akafariki 2008. Usiku ule mmoja ndio pekee walioupata tangu Waters aondoke.

Tazama pia aina ya hafla hizo. Hisani, kumbukumbu ya marehemu, tuzo, video ya mtu mwingine. Si bahati nasibu. Hafla ya usiku mmoja haidai asilimia, haidai albamu mpya, na inampa kila mtu heshima ya kusema hakuja kwa ajili ya fedha. Muhimu zaidi, inajibu swali ambalo hakuna meneja anayeweza kulijibu kwa simu: je, tukianza kupiga, bado ni sisi? The Police walifungua hafla ya Grammy Februari 2007, na ziara yao ikaanza Vancouver Mei mwaka uleule. Baada ya onyesho la pili mpiga dramu wao Stewart Copeland aliandika hadharani jinsi walivyokosea pa kuingilia kwenye wimbo na kupishana kwenye mapigo. Watu watatu mahiri, nyimbo walizozipiga mamia ya mara, na bado zilikuwa hazijakaa sawa. Walikaza, wakafikisha maonyesho takriban 150 hadi Agosti 2008.

Hapo ndipo mwili unapoingia, na hapa promota mwenye busara haharakishi. Sauti ya mwimbaji hushuka kadiri umri unavyokwenda, hivyo nyimbo hushushwa kii, yaani kimo cha sauti, kwa nusu toni au toni nzima. Mashabiki wengi hawatambui, ila mpiga gitaa anatambua: nyuzi zikilegezwa zinataka kuwa nene kidogo, na rifu, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachojirudia, inayotegemea uzi kupigwa wazi haiwezi kuhamishwa tu vidole. Wengine hubeba seti ya pili ya magitaa yaliyotuniwa chini. Mpiga dramu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwani saa mbili za roki ni mazoezi ya riadha. Phil Collins aliporudi na Genesis kwa ziara iliyoisha Machi 2022 hakuweza tena kupiga dramu. Aliimba akiwa ameketi na mwanawe Nic akashika vijiti. Si mara ya kwanza mtoto kuziba pengo. Jason alifanya hivyo Led Zeppelin, na Wolfgang Van Halen alishika besi Van Halen walipomrudisha mwimbaji David Lee Roth 2007. Mtoto anazijua nyimbo tangu utotoni, hana ugomvi wa zamani na yeyote, na wazee huona haya kugombana mbele yake.

Ratiba nayo husema mengi. Viwanja hushikiliwa mwaka mzima au zaidi kabla, kwa siri, kwa sababu msimu wa soka huacha nafasi miezi michache tu. Oasis walitangaza tarehe 27 Agosti 2024 na kupanda jukwaani Cardiff tarehe 4 Julai 2025, karibu miaka 16 tangu walipovunjika Paris. Ukiona bendi ya wazee imepanga usiku tano mfululizo bila pumziko, kuwa na wasiwasi. Usiku wa kupumzika kati ya maonyesho ni gharama, lakini sauti iliyochanika hugharimu zaidi. Bima ya kuahirisha maonyesho hupanda bei kadiri umri na historia ya afya inavyokuwa mbaya, na baadhi ya magonjwa yaliyokwisha kujulikana hayafidiwi kabisa. Rage Against the Machine walirudi Julai 2022. Mwimbaji wao Zack de la Rocha akaumia mguu mapema kabisa, akaimba ameketi hadi Agosti, kisha maonyesho yote yaliyobaki yakafutwa. Hawajarudi tena.

Upande wa mashabiki, mahali panapoharibika ni siku ya tiketi. Oasis walijifunza hilo Uingereza, pale watu waliokaa foleni mtandaoni kwa saa nyingi walipokuta tiketi ya kusimama iliyoanza karibu pauni 150 imevuka 350. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliichunguza Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo. Kasoro kubwa haikuwa bei peke yake. Watu hawakuelezwa mapema kwamba kuna ngazi mbili za bei kwa nafasi ileile. Bendi inaporudi baada ya miaka mingi inauza uaminifu wa watu waliongoja nusu ya maisha yao. Meneja anayekubali mpangilio kama huo bila kudai bei zitangazwe siku moja kabla amefanya kazi mbovu, na nalisema hilo kwa uchungu.

Jambo la mwisho la kukagua ni warithi. Mwanachama akifariki, haki zake huenda kwa familia, na heshima ya mashabiki huenda nazo. Geddy Lee na Alex Lifeson wa Rush walipotangaza Oktoba 2025 kwamba watazuru 2026 wakiwa na mpiga dramu Mjerumani Anika Nilles, mjane na binti wa mpiga dramu wao wa zamani Neil Peart, aliyefariki Januari 2020, walitoa baraka zao hadharani. Onyesho la kwanza walilipanga katika ukumbi uleule wa Los Angeles walikomalizia na Peart Agosti 2015.

Albamu mpya ni habari nyingine. Cream hawakurekodi, The Police hawakurekodi, na Eagles walichukua miaka 13 tangu kurudiana hadi kutoa albamu kamili ya nyimbo mpya, 2007. Nyimbo za zamani zimeshagawanywa na karatasi zake zipo. Wimbo mpya unafungua tena swali la nani katunga nini, swali lilelile lililowavunja mara ya kwanza.