Saa kumi na moja, getini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa jumuiya.

Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu, na nilikuwa nimeshaandaa somo la shukrani. Nimeliweka kando. Jumanne alfajiri nilisimama nje ya geti la ghala moja huku Barabara ya Nyerere, pamoja na wanaume kama arobaini na akina mama wachache waliojitanda kanga, tukisubiri mtu atoke atuchague. Akatoka kijana mwenye reflekta ya njano, akanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe wa shati jekundu, wewe. Kidole kilipofika kwangu kikaruka. Nina miaka 46 na mvi zimeanza pembeni. Waliochaguliwa wakaingia, geti likafungwa.

Wengi wenu hamkujua kwamba kibarua changu kimeota nyasi. Leo mmejua. Hii ni wiki ya nne. Jumatano iliyopita nilipoulizwa hoja ya maombi nikajibu kwamba kwetu ni amani, tunamshukuru Mungu. Mnisamehe, nilidanganya mbele ya Biblia iliyofunguliwa.

Ila kilichoninyima usingizi ni kwamba kile kidole nakifahamu. Kilikuwa changu.

Kwa miaka mitatu na miezi minne nilikuwa msimamizi wa vibarua chini ya wakala wa ajira. Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda: kampuni yenye ghala inaandikiana na wakala, wakala anakuajiri wewe, kampuni inamlipa wakala kwa idadi ya vichwa, wakala anakata chake, kinachobaki ndiyo mshahara. Unavaa sare ya kampuni, unaamrishwa na watu wa kampuni, unachoka kwa ajili ya kampuni, lakini siku ukiumia au ukidai unaambiwa wewe si wetu, nenda kwa wakala wako. Mtoto wa kambo kabisa. Na chini yetu sisi wa wakala walikuwepo deiwaka, wa kuitwa leo na kusahauliwa kesho. Hao ndio niliokuwa nawachagua kila asubuhi, karatasi mkononi: leo watu kumi na watano, kontena mbili za kupakua.

Nilichagua vijana wenye mabega. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesimama karibu na nguzo ya umeme, kofia ya ukili kichwani, viatu vimefungwa kamba vizuri kama mwanafunzi. Sikuwahi kumchagua hata siku moja. Saa tatu wenzake walipotawanyika kutafuta mahali pengine, yeye alibaki. Jioni nikitoka, mara nyingine namkuta amekaa juu ya tofali palepale. Moyoni nilikuwa nasema, huyu mzee hana kwake? Hana shughuli ya kufanya?

Basi Jumanne, kwenye daladala ya kurudi nyumbani na nauli ya mkopo, Mathayo 20, ule mfano wa bwana wa shamba aliyekwenda sokoni saa baada ya saa kutafuta vibarua, ikanijia kama mtu aliyenishika kola.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati na sura hii, maana saa zake ni saa zetu. Saa tatu ni ile saa tatu ya chai. Saa sita jua la utosi. Saa kumi na moja watu wanakunja biashara, akina mama wanawasha majiko ya mihogo barabarani. (Wanaosoma kwa Kiingereza mara nyingi inabidi wakokotoe.) Mnajua wote kwamba saa kumi na moja jioni hakuna anayeajiri mtu. Aliyebaki sokoni saa hiyo ni yule ambaye kila kidole kimemruka tangu alfajiri, na bado hajaondoka. Angekuwa mvivu angekuwa amelala kwake.

Nimesikia sura hii ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara tunakimbilia ugomvi wa dinari jioni, nani kalipwa sawa na nani. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo. Sikuwahi kuona kwamba bwana wa shamba alikuwa na msimamizi. Yumo, mstari wa nane, ndiye aliyeambiwa awaite watu awalipe. Lakini kwenda sokoni hakumtuma. Alikwenda mwenyewe, mara tano kwa siku moja. Na safari ya mwisho, alipowakuta wale waliobaki, aliuliza: mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi? Akangoja jibu. Wakampa maneno matano: kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri. Hakubishana nao. Hakuwaambia mngeamka mapema. Hakuwauliza kama wana dhambi iliyojificha. Aliwaamini, akawaambia nendeni nanyi.

Mimi niliona yule mzee kwa miaka mitatu na swali nililijibu mwenyewe.

Na kuna baya zaidi, ambalo lazima niliseme hapa kwa sababu nililitenda hapa. Mwaka jana, kwenye nyumba ya mmoja wetu, nilifundisha 2 Wathesalonike 3:10. Mnakumbuka nilivyopaza sauti: asiyefanya kazi na asile! Karibu na mlango alikaa kijana wetu mhitimu, amezunguka na bahasha ya kaki ofisi za mji huu mpaka pembe za vyeti zimekunjamana. Sikumtazama, ila alijua, na sote tulijua. Hajarudi tangu siku ile. Tukasema amepoa kiroho.

Wapendwa, fungueni mstari huo msome taratibu. Imeandikwa mtu *asipotaka* kufanya kazi. Asipotaka. Paulo hakuandika asipopata. Alikuwa anawakemea watu waliokuwa wanaenda bila utaratibu wakijiingiza katika yasiyowahusu, na kazi zao wameziacha. Sisi tumechukua fimbo ya hao tukamchapia mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya geti. Herufi chache tu zimebadilika na Neno la Mungu limekuwa tusi.

Na hatuchapi kwa mstari huo peke yake. "Bado tu hujapata?" "Umefunga?" "Labda kuna mlango umeufungulia adui." "Mbona fulani alitoa sadaka ya kujimaliza na wiki hiyohiyo akaitwa?" Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na katika kitabu chote hicho sijaona walipofanya vizuri kuliko siku hizo saba. Mtu akipoteza kazi, mkewe au mumewe mpelekee unga kwanza. Ushauri utakuta watu wameshiba.

Kwenu mlio waajiri na maafisa utumishi, maana mmo humu na nawapenda: Yakobo 5:4 haukuandikwa kwa ajili ya makafiri. Ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, anasema, wenyewe ujira. Kelele zake sikuzisikia mpaka zilipokuwa zangu. Nilipokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yangu, nilikuta miezi tisa haipo. Kwenye hati zangu za mshahara makato yapo, kila mwezi, mpaka senti. Kwenye mfuko hayapo. Nikaenda kwa wakala, akasema kampuni ilichelewesha malipo. Nikaenda kampuni, wakasema wao wamemlipa wakala. Pilato ananipeleka kwa Herode, Herode ananirudisha kwa Pilato, na siku ile nasikia hao wawili walipatana. Ndugu, kama unatumia wakala ili damu ya wafanyakazi isikurukie, kunawa mikono kulishajaribiwa.

Niwaambie na siku yenyewe ilivyokuwa, huenda ikamsaidia mtu. Ilikuwa Ijumaa. Tuliitwa watu 23 ofisi ya wakala, ghorofani, tukapewa soda. Soda ilinitia wasiwasi, miaka mitatu sijawahi kupewa soda. Tukaambiwa mteja amepunguza nafasi, kila mmoja asaini karatasi apewe mshahara wa mwezi. Watu wakaanza kusaini. Na mimi kalamu nilishaishika. Akasimama mama mmoja wa usafi, kusoma kwake ni kwa shida, akasema yeye hasaini mpaka mwanawe aje amsomee. Wakamcheka. Akakaa chini na soda yake, akampigia kijana simu. Kijana alifika baada ya saa nzima, akasoma kwa sauti: "Nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu." Chumba kikawa kimya. Kumi na mmoja walikuwa wameshasaini.

Kuna tofauti gani? Kubwa sana. Aliyeachishwa, akiwa amechangia NSSF kuanzia miezi 18, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kwa hiari hana. Anayelipwa kwa mwezi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anatakiwa apewe notisi ya siku 28 au alipwe badala yake. Kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kisizidi miaka kumi. Kwangu ni siku 21, si utajiri, lakini ni kodi ya chumba. Hati ya utumishi ni haki yako, idai. Na kama unaona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zangu zimebaki chini ya kumi. Nitakwenda Jumatatu na yule mama, na wale kumi na mmoja pia waje, maana aliyelaghaiwa asaini bado ana mdomo wa kueleza. Kuna mpendwa aliniambia kwenda Tume ni kukosa imani, Mungu atatupigania. Yule mjane wa Luka 18 alikwenda kwa kadhi tena na tena mpaka akamchosha, na Bwana akamtumia kutufundisha kuomba.

Kwa vijana neno moja tu. Mawakala wa kweli wapo na wengine wamewapatia watu kazi nzuri. Lakini anayekutaka utume "ada ya fomu" kwa simu kabla hujamwona, iwe kazi ya Dar au ya Uarabuni, mlipaji wake ni nani kama si wewe? Wakala analipwa na mwajiri. Binti yetu mmoja amelizwa hivyo mwezi huu na anaona haya kusema.

Na msikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Nilikaribia. Niliacha kwa sababu mke wangu alificha kitambulisho changu.

Alhamisi jioni nilirudi kwenye geti langu la zamani, saa kumi na moja. Nilikwenda kumtafuta mzee. Yupo, juu ya tofali. Alinitambua kabla sijafika, akasogea nikae, tofali moja watu wawili. Nikamwomba radhi, nikamuuliza jina lake, kwa mara ya kwanza. Akanitajia. Nikamuuliza zamani alikuwa anafanya kazi gani. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake cheti kilichokunjwa mara nne. Dereva wa foklifti. Ameendesha miaka kumi na moja bandarini, mpaka kampuni aliyokuwa nayo ilipofunga.

Na mimi kwa miaka mitatu nilikuwa naandika kwenye ripoti kwamba zamu ya usiku tumekosa dereva wa foklifti.

Nikamuuliza, mzee wangu, mbona hukusema? Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unanyoosha kidole tu."

Jumatano tunakutana kwa mama mwenyeji wetu wa siku zote, saa kumi na moja na nusu jioni. Kila mmoja aje na jina la mtu mmoja asiye na kazi, na kitu anachojua kukifanya, na kama hamkijui mkamuulize kabla hamjaja. Daftari nitaleta mimi. Nimemwandikia yule kijana wa bahasha ya kaki ujumbe wa kuomba radhi; ameusoma, hajajibu, tumwombee na tumwache apumue. Chai pia ni zamu yangu. Nitakuja na mihogo, ila sukari naomba mje nayo.