Siku Moja Maishani Mwangu: Kondo la Nyuma la Panya Shamba

Saa 12 asubuhi nipo shambani, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na milima ya Uluguru bado imejifunika ukungu. Ni mwezi Mei, masika yanaelekea ukingoni, na panya shamba, ambaye jina lake la kisayansi ni Mastomys natalensis, ameshaanza msimu wa kuzaa. Tunaikagua mitego tuliyoitega jana jioni kwa siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi, tukiwa na glavu na barakoa, maana panya huyu hubeba vimelea vya maradhi.

Saa 3 nipo maabara. Jike la kwanza, baada ya kuuawa bila mateso kwa mujibu wa kibali chetu, linapasuliwa. Mji wa mimba wa panya una pembe mbili, na leo zote zimejaa mithili ya shanga zilizotungwa katika uzi: saba kushoto, sita kulia. Watoto 13 si ajabu kwa mnyama ambaye jike lake laweza kuwa na chuchu 24. Kila kijusi kina kondo lake la nyuma, ndilo ninalolichunguza mimi, kisahani chekundu kinachokaribiana na kifungo cha shati.

Hapa ndipo kazi yangu inapotofautiana na ya wenzetu wanaofuga panya weupe. Wao huona dalili ya kupandana asubuhi, wakaanza kuhesabu siku. Mimi huletewa mimba isiyo na tarehe. Mimba ya panya shamba huchukua takriban siku 23, nami hukisia umri kwa kupima kijusi kuanzia utosini hadi matakoni na kutazama kama vidole vimeachana. Vya leo vimeachana. Nimeandika daftarini "theluthi ya mwisho", wala sikuthubutu kutaja siku.

Saa 5 makondo ya leo yanaingia kwenye formalini ya asilimia 10, dawa inayozuia tishu kuoza, nami nayatoa ya wiki iliyopita ili niyakate nusu kwa wembe. Wembe lazima upite pale pale kitovu, yaani kamba inayomuunganisha kijusi na kondo, kinapoingilia kondo. Ukienda pembeni hata kidogo, tabaka la ndani huonekana jembamba kuliko lilivyo, na vipimo vyote vinavyofuata huwa vya uongo.

Saa 8 mchana nakata vipande vya unene wa mikromita 5 kutoka kwenye makondo yaliyokwisha kugandishwa ndani ya nta, kisha naviacha vielee juu ya maji ya vuguvugu vijinyooshe. Umeme umekatika katikati ya kazi, maji yakapoa, utepe mzima wa vipande ukakunjamana.

Saa 10 nakaa kwenye hadubini na vioo vyenye vipande vya kondo vilivyotiwa rangi jana. Upande wa mama ipo desidua, tishu ya mji wa mimba wenyewe. Chini yake limetanda tabaka la mpaka, lenye seli zilizojaa glaikojeni, wanga wa akiba, na, ukingoni, seli kubwa za trofoblasti, yaani seli za kondo zitokazo upande wa kijusi, ambazo viini vyake vimenakili DNA mara nyingi bila seli kugawanyika. Viini hivyo huonekana bila kutafutwa. Kisha, upande wa kijusi, ndipo ulipo mzingile, tabaka la vijia vilivyopindapinda, ambao mimi hukaa nao kuliko tabaka lolote. Damu ya mama hushuka kwa mfereji hadi karibu na kijusi, halafu hurudi juu polepole kupitia vijia vyembamba, huku damu ya kijusi ikipita kwenye kapilari zake kuelekea upande wa pili, na kukinzana huko ndiko kunakorahisisha ubadilishanaji wa oksijeni. Damu hizo mbili hazichanganyiki: katikati yake yapo matabaka matatu ya trofoblasti na ukuta wa kapilari. Kwa binadamu, mimba inapokaribia kutimia, tabaka hilo la trofoblasti ni moja tu, nalo hufunika vijidole vya kondo vilivyozama katika damu ya mama badala ya mzingile.

Pembeni ya kisahani naona pia kifuko cha kiini cha yai kilichopinduka, utando wake wa ndani ukiwa umegeukia mji wa mimba baada ya ule wa nje kutoweka. Wanafunzi wengi hukidhani uchafu wa kioo.

Saa 12 jioni nimepima vioo sita. Katika cha nne mzingile ni mwembamba mno, na nikitazama vizuri, kitovu hakionekani popote. Nimekichora msalaba kwa kalamu nyekundu, nikakiweka kando na kulirudisha bunda lake la nta kwenye trei ya kukatwa upya.