Jino halijui kusubiri foleni

Juzi nilimsindikiza jamaa mmoja anayelala nje kwenda kung'oa gego, shavu limevimba mpaka jicho linaanza kufunga, tunafika mapokezi swali la kwanza si unaumwa wapi, ni namba ya simu na unakaa wapi. Akanitazama, mi nikamtazama. Simu alishaibiwa, na kukaa ndo hivyo tena. Tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu na jino lenye usaha jamani!

Watu wepesi sana kusema hawa hawapigi mswaki. Haya piga wewe, bomba huna, kioo huna, na mswaki wenyewe unalala umelowa kwenye mfuko pamoja na soksi. Afu hata uwe msafi vipi, dawa nyingi za akili, na hata methadoni wanayopewa walioacha heroini, zinakausha mate, na mate ndo yanayolinda meno yasiliwe na asidi, sasa mdomo ukikauka mwaka mzima unategemea nini?

Kinachonikera zaidi ni hii ya kukimbilia emajensi. Mtu kazidiwa usiku, anapewa antibayotiki na dawa ya maumivu, uvimbe unashuka, kila mtu anaona kapona, kumbe jino bovu liko palepale na baada ya muda anarudi tena vilevile. Na usaha wa jino si wa kuchezea, ukishuka chini ya ulimi ukaingia shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, mtu akafa kwa sababu ya gego.

Kwa mtazamo wangu hiyo miadi ndo inayoua. Kliniki itenge hata asubuhi moja kwa wiki, njoo ulivyo, hatuulizi kitambulisho, na kazi iishe siku hiyohiyo maana kesho hujui atakuwa wapi. Na si lazima mitambo mikubwa. Kuna ile dawa ya silva diamini floridi, WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, unapakwa tu kwenye tundu, hakuna drili hakuna sindano ya ganzi, na mara nyingi uozo unasimama. (Haiokoi jino lililofika kwenye usaha, hilo ni la kung'oa au kutibu mzizi.) Ubaya wake pale palipooza panabaki peusi, kwa hiyo kama ni jino la mbele muulize mwenyewe kwanza, usimwamulie eti kwa vile analala nje basi sura haimhusu, huyo naye anatafuta kazi.

Jamaa yangu tulimpatia kliniki nyingine iliyompokea siku ileile. Kabla hajakaa kwenye kiti aliuliza kitu kimoja tu, begi langu litakuwa wapi? Vitu vyake vyote vilikuwa humo. Dokta akamwambia lipakate. Akang'olewa kalikumbatia.