Siku moja maishani mwangu: seva moja, majibu mawili

Saa mbili asubuhi. Nashuka daladala Darajani na kutembea hadi ofisini Malindi. Kazi yangu ni kutunza seva, na wengi wanaamini kwamba kazi hiyo ni kukaa penye kiyoyozi na kuzima na kuwasha mashine. Umeme ulikatika usiku, lakini seva zimerudi salama, kwa hiyo nabadilisha anwani ya mfumo mpya wa malipo kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za namba, kama ilivyopangwa.

Saa tatu na nusu. Mhasibu wa ofisi tunayoihudumia anapiga simu: baadhi ya kompyuta zao zinafungua mfumo mpya, nyingine zinapelekwa kwenye mashine ya zamani. "Mwanangu, izime hiyo seva uiwashe, watu wanangoja mishahara." Namwomba subira, kisha nauliza jina lile lile mara kadhaa, mara linajibiwa 10.10.4.9, mara 10.10.4.5 ya zamani. Naandika ps -ef, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, namba ya kila moja na ya mzazi wake, yaani iliyoianzisha, na hapo named, programu inayojibu maswali ya DNS, inaonekana kwenye mistari miwili, namba 812 na 1347, yote mzazi wake akiwa namba 1, programu ya kwanza kuamka kwenye mashine.

Safu hiyo ya mzazi ndiyo ya kusoma kabla ya kugusa chochote, kwa sababu Apache, programu ya kuhudumia tovuti, kwa mfano, huwa na mzazi mmoja na watoto wengi kwa kawaida yake, na anayewaua kwa kuwa ni wengi anakata huduma nzima yenye afya. Hapa hakuna mtoto. Zamani programu ya pili ingekataliwa, maana mlango wa 53, ambao maswali ya DNS hupitia, umeshachukuliwa. Lakini tangu toleo la 3.9 la Linux, mfumo unaoendesha seva hii, la mwaka 2013, kuna mpangilio uitwao SO_REUSEPORT, unaoruhusu programu za mtumiaji mmoja kuushika mlango mmoja huku maswali yakigawanywa baina yao. Faili la PID, linalotunza namba ya programu, huhifadhi namba moja tu, ya aliyeandika mwisho, basi amri yangu ya asubuhi ya kuiambia named isome upya anwani, inayotazama faili hilo, ilimfikia 1347, na 812 akabaki na anwani ya zamani.

Simu inalia tena, na tena. Karibu na adhuhuri mhasibu anafika mwenyewe, amechoka kama mimi. "Mzee wangu, nikiizima sasa, zitaamka named zote mbili," namwambia, na namwonyesha: systemctl status, amri ya kuuliza hali ya huduma, inasema 812 ni ya huduma yenyewe, na 1347 imetoka rc.local, faili la amri zinazoendeshwa mashine inapowaka, ambako mtu aliacha mstari wa kuianzisha named miaka iliyopita. Anavuta kiti, anakaa.

Nafuta mstari ule. Nampelekea 1347 ishara ya 15, si ya 9 inayoua papo hapo, ili ajifunge kwa utaratibu. Anapoondoka anafuta na faili la PID, kwa hiyo naianzisha huduma upya kupitia systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ili liandikwe tena. Kila swali sasa linajibiwa 10.10.4.9, na mhasibu anaaga kwenda kulipa watu.

Baada ya alasiri, ofisi zikishafungwa, ndipo ninapoizima seva na kuiwasha. Inaamka na named moja.